Chaki kwanza, bei baadaye

Ukienda kukagua pikapu kuukuu, Land Cruiser HJ45 kwa mfano, usiishie kwenye kile kibati cha chini ya boneti chenye namba ya chesisi. Kibati kimeshikwa kwa riveti tu, na kinahama gari moja hadi jingine kwa dakika chache. Namba ya kuamini ni iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi yenyewe: kwa Land Cruiser na Hilux za zamani ipo upande wa kulia mbele, karibu na tairi.

Safisha tope na grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, acha pakauke, pakaza chaki nyeupe, kisha futa juu juu kwa kidole. Chaki inabaki ndani ya mikwaruzo ya herufi, namba inasomeka. Mulika kwa tochi kutoka ubavuni na upige picha. Hapo ndipo 3 iliyogeuzwa kuwa 8 inapojionyesha. Linganisha na kadi ya gari tarakimu kwa tarakimu.

Tafadhali usiguse grainda wala msasa. Unapunguza kina cha namba, na mkaguzi atadhani umeichezea.

Kutu ikishachimba chuma, chaki inajaza kila shimo na husomi kitu. Namba zikipishana, si lazima gari liwe la wizi, huenda chesisi ilibadilishwa baada ya ajali. Ila muuzaji alete karatasi za mabadiliko hayo, na polisi wakague kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.