Somo: Malai yamepanda, au emalsheni imekatika?

Wengi humwaga chupa nzima ya emalsheni (mafuta yaliyotawanywa kwenye maji kama matone madogo) wakiona tabaka jeupe juu. Mara nyingi hayo ni malai tu, yaani matone ya mafuta yaliyopanda juu bila kuungana. Tutengeneze ml 100 za emalsheni ya mafuta ya mbarika, kisha tuzipime.

Kutengeneza
Mafuta ml 30, maji ml 15, unga wa gundi ya akasia g 7.5, ndiyo 4:2:1. Kinu kiwe cha kauri na kikavu kabisa, maana cha kioo kinateleza na hakikati matone. Changanya gundi na mafuta kwa sekunde chache, mimina maji yote 15 kwa mkupuo, kisha sukuma mchi kwa kasi, upande mmoja, bila kupumzika. Baada ya dakika mbili tatu mchi utaanza kutatarika na mchanganyiko utakuwa mweupe pe. Kabla ya mlio huo usiongeze hata tone. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Sasa ongeza kidogo kidogo ml 40 za maji yaliyoyeyusha asidi ya benzoiki (kihifadhi) g 0.1 yakiwa moto, yakapoa. Timiza 100.

Kupima
Aina: dondosha tone kwenye maji. Likisambaa, maji ndiyo yako nje. Hakikisha kwa methilini bluu (rangi inayoyeyuka kwenye maji) chini ya hadubini: maji yanayozunguka matone yawe bluu, matone yabaki meupe.

Malai: jaza silinda, iache pasipotikisika, pima kila siku urefu wa malai ukilinganisha na urefu wote. Kisha ipindue taratibu mara 10. Malai yakirudi ndani, emalsheni ni nzima. Ukiona macho ya mafuta kama juu ya mchuzi wa nyama, imekatika, na kutikisa hakutairudisha.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni kipenyo: pima matone 300 siku ya 0, 7 na 28. Malai hayabadilishi kipenyo. Wastani ukipanda, matone yanaungana hata kama jicho halioni kitu.

Sentrifuji (mashine inayozungusha sampuli kwa kasi): mizunguko 3,750 kwa dakika, nusu kipenyo sm 10, kwa muda wa saa 5. Nguvu hiyo ni kama mara 1,570 ya uvutano, kwa hiyo saa hizo 5 zinalingana na miezi 11 hivi ya kukaa rafuni. Inaharakisha kupanda kwa malai tu. Haisemi lolote kuhusu mafuta kuchacha au ukungu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimetumia 4:2:1 kwa parafini ya maji, imekataa.*
Parafini ni 3:2:1. Mafuta yanayoruka hewani kwa urahisi, kama ya mnanaa, ni 2:2:1.

*Yangu ilikuwa safi, nikaweka ladha yenye spiriti ikakatika papo hapo.*
Spiriti kali huitoa gundi kwenye maji, utando unaozunguka matone unabomoka. Ichanganye kwanza na maji, uiweke mwisho huku unakoroga.

*Mgonjwa akipewa yenye malai kuna ubaya gani?*
Dozi. Asipotikisa, vijiko vya kwanza vina mafuta mengi, vya mwisho ni maji. Ndiyo maana lebo lazima iseme "Tikisa kabla ya kutumia".

*Ukungu umeota na kihifadhi niliweka!*
Sehemu ya asidi ya benzoiki hukimbilia kwenye mafuta, na vijidudu huishi kwenye maji. Pima pH (kipimo cha uasidi) pia: ikizidi 5, asidi hiyo karibu haifanyi kazi.