Sakafu inayoteleza: jinsi ya kuidhibiti, na nani hubeba dhima mtu akianguka

Mwongozo huu ni wa yeyote mwenye usukani wa jengo: mwenye nyumba ya kupangisha, mpangaji wa duka, msimamizi wa shule, zahanati au nyumba ya ibada. Mtu akianguka na kudai fidia, maswali ya msingi huwa mawili. Je, ulijua, au ulipaswa kujua, kwamba pale pana hatari? Na je, ulifanya nini kuiondoa? Fanya kazi ya sakafu vizuri na uiandike, na maswali yote mawili yatakuwa na majibu.

Hatua ya 1: Kagua mvua ikinyesha

Ukaguzi wa siku ya jua hauonyeshi chochote cha maana. Angalia maji yanaingia hadi wapi na viatu vya watu, wapi yanatuama, na wapi sakafu ya kukwaruza inakutana ghafla na sakafu laini. Mpaka huo ni mbaya kuliko sakafu laini peke yake, maana mguu unakuwa bado unatembea kwa mwendo wa sakafu iliyopita.

Hatua ya 2: Usidanganywe na herufi R ya kwenye boksi la vigae

Wauzaji husema "hiki ni R9, hakitelezi". R9 ndicho kiwango cha chini kabisa katika mfumo huo wa Ujerumani, unaopanda hadi R13, na hupimwa kwa buti za kazi kwenye kigae kilichopakwa mafuta. Kwa bafu na mahali pa kutembea miguu mitupu kuna mfumo mwingine wa A, B na C. Chukua B au C.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha pendulamu, kinachotumika sana Uingereza: kipande cha mpira kinabembea na kukwaruza sakafu iliyolowa. Alama 36 na kuendelea, uwezekano wa kuteleza ni mdogo. 25 hadi 35 ni wa wastani. 24 kushuka chini ni mkubwa. Dai alama ya sakafu ikiwa imelowa. Karibu kila kigae kikavu na kisafi hufaulu, kwa hiyo alama ya ukavu haikusaidii.

Hatua ya 3: Osha sakafu ibaki safi kweli

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Sakafu nzuri kabisa inaweza kuteleza kwa sababu ya namna inavyooshwa, na mwenye jengo akaishia kubandua vigae visivyo na kosa.

Jaribu hivi kwanza. Mwaga maji safi kijiko kimoja kwenye sakafu iliyodekiwa ikakauka, usugue kwa kidole kwa nusu dakika. Povu likitoka, hiyo ni sabuni ya jana na juzi. Kisha pangusa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka kijivu chenye ulaini wa mafuta, sakafu haioshwi, inapakwa uchafu. Utando huo ukikauka hauonekani. Ukipata maji kidogo unakuwa grisi.

Utaratibu unaofaa:

1. Fagia kwanza. Vumbi likilowa linageuka tope jembamba.
2. Pima sabuni kwa kikombe cha vipimo, kama lebo inavyosema. Kuongeza "ili itakate zaidi" ndicho chanzo kikubwa cha utando. Kwenye mafuta ya jikoni tumia sabuni ya alkali ya kuondoa grisi. Sabuni ya kawaida yenye harufu nzuri haitoshi.
3. Mwaga, uache dakika 5 hadi 10 bila kukauka. Ikikauka, rudia, uchafu uliolegea umeshika tena.
4. Sugua kwa brashi ngumu. Kwenye vigae vyenye chembechembe, dekio la nyuzi hupita juu tu na kusukumia mafuta kwenye vishimo. Huko mimi sipendekezi dekio hata kidogo.
5. Ondoa maji machafu kwa mpira wa kusukumia maji au mashine ya kuyanyonya. Ukiyaacha yakauke, umeurudisha uchafu ulikotoka.
6. Suuza kwa maji safi ya ndoo nyingine. Ndoo mbili ni lazima, na maji yakianza kuchafuka yamwage.
7. Kausha. Osha upande mmoja wa njia, watu wapite upande mkavu, kisha badilisha.

Tahadhari ziko kadhaa. Usichanganye dawa ya klorini na dawa ya choo yenye asidi, wala na amonia. Zote mbili hutoa gesi inayounguza mapafu. Usiweke asidi kwenye marumaru au terazo, inakula jiwe. Nta ya kung'arisha isikaribie vigae vya njia ya watu. Na dawa za kufanya vigae laini vikwaruze ziangalie sana: baadhi zina asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi bila maumivu ya mwanzo na kudhuru hadi mfupa. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa, tena baada ya kuosha kama hapo juu, maana mara nyingi baada ya kuosha haihitajiki tena.

Kitu kidogo kikimwagika kwenye sakafu kavu, kifyonze kwa karatasi au kitambaa kikavu. Dekio lililolowa hugeuza doa la ukubwa wa sahani kuwa eneo zima la utelezi.

Hatua ya 4: Mlango na ngazi

Zulia la mlangoni liwe refu kiasi cha mtu kukanyaga hatua kadhaa, lisijikunje ukingoni. Ngazi zipime kwa rula, kidato kimoja baada ya kingine: mguu hukariri kimo cha vidato viwili vya kwanza na kutegemea vingine vifanane. Kanuni za kawaida za ujenzi Marekani huruhusu tofauti ya milimita 9.5 tu. Weka mstari wa rangi tofauti kwenye ukingo wa kila kidato, kishikio kisichotikisika, na taa isiyotupa kivuli kwenye vidato.

Hatua ya 5: Daftari la ukaguzi

Wengi hudhani bango la "Sakafu imelowa" linamaliza wajibu. Sheria ya Uingereza ya 1957 kuhusu dhima ya anayemiliki au kusimamia jengo inasema onyo halimwondolei mtu dhima isipokuwa linatosha kumfanya mgeni awe salama. Bango lililoachwa siku nzima kwenye sakafu kavu halimwonyi mtu. Sheria hiyo inamwangalia mwenye udhibiti wa mahali, hata kama si mwenye hati. Inataka utarajie kwamba watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Na ukimpa mkandarasi kazi, bado unapaswa kuwa umefanya juhudi ya kuhakiki kwamba anaiweza na ameifanya sawasawa. Kenya ina sheria yake inayofanana nayo, Sura ya 34.

Kesi inayofundisha zaidi ni ya 1976 dhidi ya duka la Tesco, Liverpool. Mteja aliteleza kwenye mtindi uliomwagika. Hakuweza kuthibitisha ulikuwa pale kwa muda gani. Duka lilieleza kwamba hufagia mara 5 au 6 kwa siku, lakini halikuonyesha sakafu ilikaguliwa lini kabla ya ajali. Mteja akashinda.

Kwa hiyo andika saa, eneo, ulichokuta, ulichofanya na jina la aliyekagua. Alama za vema zilizowekwa zote asubuhi kwa kalamu moja, hadi za saa ya kufunga, ni ushahidi dhidi yako.

Hatua ya 6: Mtu akishaanguka

Usimwinue kwa haraka akilalamika shingo, mgongo au nyonga. Mpe pole, mwitie msaada, zuia eneo. Piga picha kabla ya kufuta, ukiweka rula kando ya doa au ufa. Andika aina ya viatu, mwanga na hali ya hewa; usiandike ubashiri wa nani mkosaji. Hifadhi video ya kamera siku hiyohiyo, kwa sababu mashine nyingi hufuta picha za zamani kwa kurekodi mpya juu yake. Mjulishe bima mara moja.

Ukiwa wewe ndiye uliyeanguka, piga picha hizohizo, chukua namba za mashahidi, nenda hospitali siku ileile, na weka viatu kwenye mfuko bila kuvifuta soli. Mwenye jengo anaweza kudai ulichangia uzembe, mfano ulikuwa ukiangalia simu, na fidia ikapunguzwa kwa kiasi hicho. Muda wa kufungua kesi una ukomo; Uingereza ni miaka 3 kwa kawaida, kwingine hutofautiana, kwa hiyo muulize wakili wa mahali ulipo mapema.