Kabla mlipuko wa ugonjwa haujatangazwa: pesa za shirika dogo

Machi 2020 shirika letu hapa Kasese, Uganda, lilikuwa na pesa benki za kutosha miezi minne, lakini wahudumu wetu wa vijijini walikaa wiki tano bila posho. Tarehe 25 usafiri wa umma ulisimamishwa kwa sababu ya korona, na tarehe 30 magari ya watu binafsi nayo yakazuiwa. Hundi zetu zilihitaji saini mbili, na mama mweka hazina alikuwa amekwama kwao Arua. Kitabu cha hundi kikabaki kwenye droo yangu, jani la juu likiwa na saini moja tu. Simu za wahudumu zililia kutwa, nami sikuwa na la kuwajibu.

Ndiyo maana naanza na saini. Sajilini watu watatu, wawili wowote watosheleze, na angalau wawili wawe wanaweza kufika benki kwa miguu. Benki itadai muhtasari wa kikao cha bodi, picha na nakala za vitambulisho. Hayo hufanywa siku za utulivu.

Linalofuata ni zito zaidi: pesa nyingi tunazoziita zetu zimefungwa na mkataba wa mfadhili. Oktoba 2022, Mubende na Kassanda zilipofungiwa kwa sababu ya Ebola, pesa ya ukumbi na chakula cha semina haikuwa na kazi tena, wakati sabuni na vocha za simu ndizo zilizohitajika. Huwezi kuzihamisha kienyeji; mkaguzi wa hesabu atazikataa na utazirudisha kutoka mfukoni. Someni mkataba sasa mjue mnaruhusiwa kuhamisha kiasi gani kutoka kifungu kimoja cha bajeti hadi kingine bila kuomba. Kisha mwandikieni mfadhili, mkubaliane kwamba Wizara ya Afya ikitangaza mlipuko, kiasi fulani kitaelekezwa kwenye dharura. Jibu lake liwe la maandishi.

Akiba nayo ipigiwe hesabu ya kodi ya ofisi na mishahara ya miezi mitatu, si ya miradi. Angalieni sana inatoka wapi. Tulikuwa tukitegemea kukodisha viti na mahema ya harusi, na mikusanyiko ilipopigwa marufuku chanzo hicho kilikauka siku ileile. Kinu cha kusaga mahindi kingetufaa zaidi, kwani watu hawaachi kula. Wala msidhani mfadhili atakuwepo daima: Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake tarehe 20, na tarehe 30 Ebola ikatangazwa Kampala. Mwezi mmoja, mapigo mawili.

Makato ya kodi ya mishahara na ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii (asilimia 10 ya mwajiri, 5 ya mfanyakazi), yasiguswe hata mkibanwa vipi. Yanatakiwa kufika si zaidi ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na faini haingoji ugonjwa uishe.

Mwisho, jaribuni kulipa posho za mwezi mmoja kwa simu hata kama hakuna shida yoyote. Mtagundua laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mume au shemeji, na risiti haitalingana na orodha yenu. Ongezeni pia gharama ya kutolea, pamoja na ile kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya pesa inayotolewa kwa simu; bila hivyo mhudumu aliyeahidiwa 50,000 atapokea pungufu, na wakati wa mlipuko kila shilingi yake ni unga wa watoto.