Kulala hemani Ruaha: hatua kwa hatua kutokea Iringa

Familia ninazopeleka Hifadhi ya Taifa Ruaha zinatoka hapa Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya. Karibu zote huanza na ombi moja: tuingie asubuhi, tutoke jioni. Nami huzisihi zilale. Hifadhi ina karibu kilomita za mraba 20,000, na anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo huzunguka jua likiwa utosini, simba wamelala kivulini. Ruaha yenyewe huamka giza likiingia.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Kiangazi Mto Ruaha Mkuu hupungua ukabaki madimbwi, na wanyama hukusanyika hapo kwa kuwa hawana pengine pa kunywa. Kwenye mito ya mchanga kama Mwagusi, tembo huchimba kwa mguu na mkonga mpaka maji yachuruzike chini ya mchanga. Akishiba akaondoka, swala na nyani huja kunywa kwenye shimo lake.

Ukitokea Mbeya, tazama mashamba ya mpunga unapopita Chimala na Igawa. Maji ya Ruaha Mkuu hukusanyika huko bonde la Usangu kabla ya kuingia hifadhini. Tangu miaka ya 1990 mto umekuwa ukikatika kabisa kiangazi kinapokolea, viboko wakabanana kwenye tope. Huwa nasimamisha gari hapo na kuwaonyesha watoto, maana wali wa nyumbani kwao na kiboko yule wanagawana maji mamoja.

Masika ndege ni wengi na nchi ni ya kijani, lakini majani huficha wanyama na gari hunasa. Safari ya kwanza isiwe masika.

Hatua ya 2: Chagua hema

Kuna kambi za watu binafsi zenye mahema ya kudumu, vitanda na choo humohumo. Kuna maeneo ya kambi ya hifadhi, unakwenda na hema lako na chakula chako. Na kuna kambi za Tungamalenga, kijiji kilicho njiani kabla ya lango, ambako bei ni nafuu. Mwenye watoto wadogo sana namshauri aanzie Tungamalenga.

Kabla ya kulipa, uliza: chakula kimo kwenye bei? Kuna askari wa usiku? Maji ya moto yanapatikanaje? Kambi nyingi hutumia ndoo inayotundikwa nyuma ya hema. Unamwambia mhudumu saa ya kuoga, anamimina, na maji hayo ni ndoo moja tu. Lowa, funga bomba, jipake sabuni, ndipo ufungue tena kujisuuza.

Hatua ya 3: Kibali

Kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24. Ukiingia saa saba mchana, unapata jioni moja na asubuhi moja, saa zote mbili nzuri za wanyama. Beba kitambulisho chako cha taifa, kwa sababu Mtanzania hulipa kiwango cha chini sana kuliko mgeni wa nje. Malipo fanya kwa kadi au namba ya malipo, na maandalizi yake yamalize ungali Iringa mjini penye mtandao.

Hatua ya 4: Mizigo

Acha nyumbani nguo za bluu na nyeusi. Mbung'o hupenda rangi hizo mno, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Vaa kahawia au kijani kilichofifia, mikono mirefu. Chukua sweta, kwani usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, tochi kwa kila mtu, dawa ya mbu na darubini hata ya kuazima. Mifuko ya plastiki ni marufuku nchini tangu 2019, basi fungasha kwenye vikapu.

Hatua ya 5: Njiani

Jaza mafuta Iringa mjini, kagua spea na jeki. Mpaka langoni ni kama kilomita 130 kupitia Idodi. Ndani ya hifadhi usishuke kwenye gari ila paliporuhusiwa, na uwe kambini kabla ya giza.

Hatua ya 6: Usiku

Hapa ndipo naomba unisikilize sana. Chakula kisiingie hemani: si biskuti, si karanga, si tunda. Mwaka mmoja mtoto wa wageni wangu alificha machungwa mawili chini ya mto wake wa kulalia. Usiku wa manane nilisikia matawi yakivunjika, kisha tumbo likinguruma taratibu karibu kabisa. Tembo dume alikuwa amesimama kwenye hema lao, ncha ya mkonga ikipapasa turubai, ikivuta pumzi na kuiachia pale palipo kichwa cha mtoto. Mama alimkumbatia akanyamaza, hakuwasha hata tochi. Askari walimwondoa tembo polepole. Turubai lilibaki na alama ya unyevu upana wa kiganja.

Kwa hiyo funga zipu mpaka chini, na viatu viingie ndani. Ukitaka kutoka, mulika tochi kuelekea kwa askari na umngoje akufuate hapohapo. Simba akinguruma usidhani yuko mlangoni. Sauti yake husafiri hata kilomita 8. Mnyama aliye karibu kweli mara nyingi utamjua kwa sauti ndogo, kama ya majani kukatwa au pumzi.

Hatua ya 7: Alfajiri

Mwambie askari akupitishe nje ya hema kabla wageni hawajakanyaga mchanga. Unyayo wa mbele wa tembo ni wa duara, wa nyuma umerefuka. Wa simba hauna alama za kucha, wa fisi unazo. Waite watoto, waweke viganja vyao ndani ya ule wa tembo, kisha mpande gari mkamfuate.