Kamande tamu haziko kwa kamande, ziko kwa kuunga

Baridi ya Nairobi mwezi wa saba si mchezo jamani, na mimi mtoto wa Mombasa nimelelewa na jasho, kwa hivo ikifika Juni tu nishatoa ile sufuria kubwa na kilo mbili za kamande na hapo ndo tunaishi mpaka Agosti iishe. Watu wananiuliza mbona zako zinanukia hivo na zetu zinatoka kama maji ya kuoshea vyombo, sasa acha niandike mara moja nisirudie rudie.

Kwanza tuelewane majina manake hapa ndo watu hugombana. Kamande si ndengu. Ndengu za huku bara ni zile kijani za duara ambazo sisi pwani twaziita pojo na Watanzania wanaziita choroko, na ukishuka Dar ukaomba dengu utapewa kitu kingine kabisa, zile mbegu kubwa zinazosagwa unga wa bajia. Kamande ni zile bapa, kama kifungo cha shati ya mtoto, ambazo kwenye kamusi utazikuta kama adesi, neno tulilopata kwa Waarabu. Ziko za kahawia au kijani zenye ganda, na ziko nyekundu zilizokobolewa, Wahindi wanaziita masoor. Hizi mbili usizichanganye kwa sufuria moja. Za kahawia zinabaki nzima, hizo za mchuzi wa kulia chapati au wali. Nyekundu zinayeyuka zenyewe na kugeuka manjano, hizo ndo za supu.

Na uzuri wake hazitaki kurowekwa. Maharagwe utaweka usiku kucha alafu bado yale masaa mawili ya gesi, kamande za kahawia ni nusu saa mpaka dakika arobaini, nyekundu dakika ishirini hazifiki. Zikikataa kuiva kabisa jua moja kati ya mawili, ama ni za zamani zimekaa dukani mpaka zimesahaulika, ama maji yako ni ya kisima yale magumu ambayo sabuni haitoi povu. Ya kisima unaweza kutia magadi kidogo sana, yaani ya kubana kwa vidole viwili, ukizidisha utakula dawa.

Kuchambua usiruke. Mwaga kwa sinia, sukuma kidogo kidogo upande wa pili huku ukitazama, manake kuna vijiwe rangi moja na kamande na ukubwa ule ule, mjomba wangu alivunja jino nyumbani kwetu na mpaka leo akija lazima aulize nani amechambua. Alafu osha maji matatu.

Sasa kosa lenyewe. Mwaka wangu wa kwanza huku nilialika wenzangu wa kazini, nikajifanya mjanja nikatupa kila kitu kwa sufuria moja mara moja, kamande, vitunguu, nyanya nne, ukwaju, chumvi, nikafunika nikaenda kuoga. Saa moja, hazijaiva. Saa moja na nusu, bado zinagongana na meno. Tukaishia kula chapati na chai wageni wakisema ati hata chai inatosha, mnajua vile wageni husema. Baadaye ndo nikajua kitu chochote kikali, nyanya, ndimu, ukwaju, siki, kinakaza ganda na kamande zinagoma kulainika. Chumvi haina neno, watu wanaisingizia bure. Nyanya ndo mwizi. Kwa hivo ukali wote ungoje mpaka kamande ziwe laini, ubonyeze moja kwa vidole isagike bila kubishana.

Haya, za kahawia za watu sita. Vikombe viwili vya kamande, maji vikombe sita, nusu kijiko cha chai cha manjano, punje mbili za thomu zilizopondwa. Moto mkali mpaka zichemke, litakuja povu, toa na upawa, alafu punguza moto uache mfuniko wazi kidogo. Kama utaka karoti na viazi tia zikiwa nusu kuiva, zikitangulia zitapondeka. Presha kuka ipo lakini kwa kamande sioni maana, ukizubaa dakika tatu umepata uji.

Wakati zinachemka unaunga pembeni, na sufuria ya kuungia iwe nzito. Mafuta vijiko vitatu vya chakula, vitunguu maji viwili vikubwa vilivyokatwa vidogo, na hapa usiharakishe, mimi nakaa dakika kumi mpaka kumi na mbili moto wa kati mpaka kitunguu kiwe na rangi ya chai ya maziwa, si kile cheupe kinachong'aa tu ambacho watu wengi wanasema kimeiva. Alafu thomu na tangawizi za kutwanga, kijiko cha chakula kila moja. Zikishatoa harufu mbichi tia viungo vya unga: uzile, hii ndo bizari nyembamba ya pilau, kijiko kimoja cha chakula, dania ya unga kingine, pilipili manga nusu kijiko cha chai, mdalasini robo tu. Viungo vya unga vinaungua haraka kuliko unavyodhani, kwa hivo kikombe cha maji kiwe karibu, vikianza kushika chini nyunyiza kidogo ukwangue na mwiko, vikauke, nyunyiza tena. Viungo lazima vipite kwa mafuta. Ukivitupa kwa maji ya kamande moja kwa moja vinabaki na ladha ya vumbi, ndo ile unasikia mtu akisema kamande zina harufu ya dukani.

Sasa nyanya tatu za kukwaruza, chumvi, pika mpaka mafuta yajitenge pembeni. Mimina kwa kamande zilizoiva, koroga, ponda upawa mmoja wa kamande kwenye ukuta wa sufuria ndo mchuzi ushikane, acha zitokote dakika kumi.

Watu wengi hapo wanazima jiko. Mimi bado. Kuna kuunga mara ya pili na hii nimejifunza kwa jirani yetu Mhindi pale Mombasa, ndo iliyonifanya nianze kupenda kitu ambacho utotoni nilikuwa nakula nikilia. Chukua kikaango kidogo kabisa, mafuta au samli vijiko viwili, moto wa kati. Tupa punje moja ya uzile nzima. Ikikaa chini kimya mafuta bado. Ikizungukwa na mapovu madogo na kuanza kucheza, tia kijiko cha chai kizima. Zitachakarika, zitabadilika kutoka rangi ya nyasi kavu mpaka kahawia, hesabu sekunde ishirini hivi, tia thomu iliyokatwa vipande vyembamba na pilipili kavu moja iliyovunjwa. Usiende popote, usishike simu. Vile vipande vya thomu vikianza kuwa na rangi ukingoni, katikati bado vyeupe, mimina yote juu ya kamande hapo hapo, chwaaa, funika haraka ule mvuke usitoroke. Ukingoja mpaka thomu iwe kahawia yote umechelewa, itamalizikia kuungua njiani na itakuwa chungu. Fungua baada ya dakika mbili, tia majani ya dania na kamua ndimu. Jirani wa ghorofa ya pili atabisha mlango, akuombe chumvi.

Supu ya nyekundu ni rahisi zaidi. Kikombe kimoja na nusu cha kamande, maji vikombe saba au kama una supu ya mifupa ya mbuzi hiyo ndo bora, manjano, karoti moja iliyokwaruzwa, kitunguu kizima kilichokatwa mara mbili, kijiti cha mdalasini. Ikishalainika toa kijiti, pekecha na mpekecho, blenda pia sawa lakini usiisage mpaka iwe maziwa. Shangazi yangu yuko Muscat na huko Ramadhani bila shorba ya adesi mezani ni kama hamjafuturu, yeye anaimaliza na uzile wa kusaga uliokaangwa na ndimu nyingi, na pembeni sambusa. Ndimu hiyo si ya ladha tu, inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye kamande.

Za nazi sasa, hizi ni zetu. Kamande za kahawia ziive kwa maji machache, ziungwe na tui jepesi zitokote pamoja na nyanya moja na pilipili mbuzi nzima isiyopasuka, mwisho kabisa tui zito la nazi moja, moto mdogo, na ukoroge polepole bila kuondoka mpaka lipate kuchemka ndo lisikatike. Hapa sitii dania ya unga wala uzile mwingi, nazi haipendi kelele. Manjano na iliki mbili basi.

Na mkitaka ya kutoa jasho pikeni ya Wahabeshi, misir wot, ile waumini wa Orthodox wa Ethiopia wanakula sana wakati wa mfungo manake haina nyama wala siagi. Siri yake ni vitunguu vyekundu vingi, kama vinne kwa kikombe kimoja cha kamande nyekundu, vimekatwa vidogo sana na kupikwa vikavu bila mafuta, unakoroga tu na kuongeza tone la maji mpaka viwe kama uji. Ndo mafuta yaingie, ndo berbere vijiko viwili, hiyo ni mchanganyiko wao wa pilipili na viungo, hapa Nairobi Eastleigh utaipata. Ipike kwa mafuta dakika tano kabla ya kamande na maji. Mara ya kwanza tia kijiko kimoja, nimeonya.

Kuhusu tumbo kujaa gesi, najua mtaniuliza. Jirani yule yule alikuwa anatia mvuje kidogo kwa yale mafuta ya mwisho, ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Ndio, mvuje ule ule wa kumfunga mtoto mchanga mkononi kwa ajili ya jicho. Bibi yangu alipoona unaingia kwenye chakula alitoka jikoni kabisa. Unanuka vibaya ukiwa mbichi lakini ukipita kwa mafuta ya moto unageuka kama kitunguu kilichokaangwa.

Zikibaki tia kwenye friji, siku tatu zinakaa na ya pili ndo tamu zaidi. Zitakuwa zimeganda kama ugali, usiogope, ongeza maji ya moto, si baridi, onja chumvi upya, na ile ya kuunga ya pili uirudie, dakika mbili tu. Za kuweka frizaa zisiwe na viazi, vikiyeyuka vinakuwa kama sponji.