Kusahihisha insha sitini za mwaka wa kwanza bila kumpunja mtu

Mwalimu mwenzangu uliyepewa darasa la uandishi la mwaka wa kwanza muhula huu, pole na karibu. Hivi ndivyo ninavyosahihisha, baada ya kukosea vya kutosha.

Anza na hesabu. Katika vyuo vingi vya hapa Nairobi, majaribio ya katikati ya muhula (CAT) na insha hubeba alama 30, mtihani wa mwisho 70. Ukipata 70 ni A, 60 B, 50 C, 40 D. Chini ya hapo ni sapu, yaani mtihani wa kurudia, na kwingi hata ukiipasua sapu unaandikiwa 40 tu. Kwa hiyo alama mbili unazokata saa tano usiku, chai imepoa na stima inasuasua, huenda ndizo zinazompeleka mtoto wa watu kwenye sapu.

Hatua ya kwanza: gawa alama kabla hujatoa swali. Insha yangu ni ya alama 20: hoja na ushahidi 8, mpangilio 5, lugha 4, marejeleo 3. Mgawo huo nauchapisha nyuma ya karatasi ya swali. Hawa wametoka kwenye insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wamezoea kufungua kwa methali na kupamba kila sentensi kwa tamathali. Wewe unataka dai na ushahidi. Waambie mapema, maana ukisubiri siku ya kurudisha karatasi utakuwa unawatega.

Hatua ya pili: weka kalamu chini. Soma karatasi kumi bila kuandika chochote, uzipange mafungu matatu: zinazosimama, zinazoyumba, zilizolala. Chagua moja kutoka kila fungu, uilinganishe na mgawo wako wa alama mpaka ujue 15 inafananaje na 9. Hizo tatu ziache mezani muda wote.

Hatua hii niliidharau zamani. Nilisahihisha lundo zima usiku mmoja, nikianza mkali na kumaliza nimelegea. Kesho yake wasichana wawili wa chumba kimoja hosteli wakanijia na karatasi zao. Hoja zilikaribiana, makosa yalikaribiana. Mmoja nilikuwa nimempa 11, mwenzake 16. “Mwalimu, tofauti ni gani?” Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alikuwa wa nne kwenye lundo na mwingine wa hamsini na kitu. Nilirudia lundo lote. Sasa nachanganya karatasi kila baada ya ishirini, na jina nalifunika.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi: sahihisha hoja kabla ya lugha. Swali langu la mwisho liliuliza kama matatu zitolewe katikati ya jiji. Mwanafunzi mmoja aliandika:

“Matatu ni mbaya kwa sababu zinaleta fujo na watu wanateseka sana.”

Zamani ningeandika “Fafanua!” pembeni, niendelee. Neno hilo halimsaidii mtu. Angejua kufafanua angefafanua. Niliandika: “Nani anateseka, na wapi? Desemba 2018 kaunti ilizizuia matatu kuingia mjini, na zuio halikudumu. Waliotembea na mizigo siku hiyo wako upande wako au wanakupinga?” Toleo la pili lilikuja na mama wa mboga aliyeshushwa Ngara na magunia mawili, na dai likageuka kabisa: shida ni vituo. Kutoka 3 hadi 6 kwenye hoja, na sarufi bado ilikuwa ile ile.

Maoni matatu yanatosha kwa karatasi: moja la kilichofanya kazi, mawili ya kurekebisha. Ukiijaza ukurasa wekundu, ataangalia alama na kuikunja.

Lugha sasa. Kosa lile lile nalikata mara moja tu. Aliyeandika “hizo vitu” mara sita hana makosa sita, ana moja: upatanisho wa ngeli unamponyoka anapoandika anavyoongea. Napigia mstari la kwanza, namwambia ayatafute mengine mwenyewe. Sheng ndani ya mahojiano aliyoyanukuu siigusi.

Marejeleo hayachukui muda: chanzo kipo au hakipo, kinafikika au hakifikiki. Ila ile asilimia ya Turnitin, programu inayoonyesha maandishi yanayofanana na ya wengine, usiigeuze hukumu. Huhesabu hata manukuu halali na orodha ya marejeleo usipoyaondoa. Fungua ripoti uone kilichofanana. Na insha ikinukia akili unde (AI), programu za kuitambua nazo hukosea, tena vibaya. Mimi humwita mhusika, nikampa aya yake moja anieleze kwa mdomo. Aliyeandika mwenyewe atagugumia lakini atafika. Asiyeiandika hukwama kwenye neno lake mwenyewe. Hapo ndipo nafuata kanuni za idara. Sibuni adhabu yangu mwenyewe.

Mwisho, kabla ya kuingiza alama kwenye mfumo, rudia zote zilizoangukia 7 na 8. Hapo ndipo mpaka wa 40 ulipo kwenye insha ya 20. Kisha zirudishe wiki mbili kabla ya mtihani, na anayetaka kulalamika mwambie asome maoni kwanza, alale, aje kesho na sentensi moja anayobishania. Wengi hawaji. Wanaokuja, sikiliza, muhula uliopita wawili walikuwa na haki, nikawaongezea.