GTA V kwenye laptopu ya mtumba: namna ya kuifanya isikwamekwame

Wengi wanaoniletea laptopu wakilalamika kwamba gemu inaganda huja na mashine zilezile: EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480 zilizotumika maofisini Ulaya zikaishia Kariakoo, zenye Intel UHD 620 na RAM ya GB 8. UHD 620 ni grafiki iliyomo ndani ya prosesa; kadi ya grafiki inayojitegemea haimo. Nachukua GTA V kwa sababu ndiyo inayoulizwa kila siku. Cheza toleo la Legacy, yaani la zamani. Lile la Enhanced la Machi 2025 halikutengenezewa mashine za namna hii.

1. Maandalizi. Chomeka chaja, weka draiva mpya ya Intel, na kwenye Windows chagua hali ya umeme ya nguvu kubwa. Basi.

2. Pima kabla hujagusa kitu. Weka MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, zikuonyeshe pembeni ya skrini idadi ya fremu (picha kwa sekunde), joto na muda wa kila fremu. Mimi hutazama muda wa fremu kuliko idadi. Kwa fremu 30 kwa sekunde, kila picha inachukua milisekunde 33. Moja ikitoka kwa 20 na inayofuata kwa 90, jicho litauona mkwamo hata kama wastani unasomeka vizuri. Zile programu za "kuongeza kasi ya gemu" usizipotezee bando. Zinafunga vitu ambavyo ungevifunga mwenyewe, halafu zenyewe zinabaki zimewaka.

3. Angalia RAM. Hapa ndipo watu wanapopitwa. UHD 620 haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya kompyuta, kwa hiyo kasi ya RAM ndiyo pumzi ya grafiki. DDR4, aina ya RAM ya mashine hizi, ya kasi ya 2400 ikiwa kipande kimoja hupitisha hadi GB 19.2 kwa sekunde; vipande viwili vikifanya kazi sambamba, 38.4. Hakuna kitu ndani ya menyu ya gemu kitakachokupa tofauti hiyo, na mashine hizi mara nyingi huuzwa na kipande kimoja, sloti ya pili tupu.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha Memory, usome Slots used. Ukikuta 1 of 2, una bahati. Ila usikimbilie dukani kwanza.

840 G5 na T480 zina sloti mbili. T480s, pamoja na kufanana jina, sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye bodi na sloti ni moja tu. EliteBook 840 G2 inatumia DDR3L, aina ya RAM ya zamani zaidi. Kipande cha DDR4 hakiingii humo kwa sababu pengo la meno limekaa mahali pengine, na ukikilazimisha utavunja sloti. Kasi nayo: ukichanganya cha 2400 na cha 2133, vyote vitatembea kwa 2133. Ukiweka 8 na 4, itawaka, lakini GB 8 tu ndizo zitakazokwenda sambamba. 4 zinazobaki zitapita njia moja. Na muuzaji akikuambia "16 ni 16, chukua kipande kimoja", kwa kazi za ofisi yuko sahihi. Kwa gemu mwambie akupe 8 nyingine.

Kufunga: zima kabisa, usiilaze, na uchomoe chaja. T480 ina betri mbili. Ya nje unaitoa, ya ndani unaizima kwenye BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows), sehemu ya Power. Kwenye 840 G5 fungua mfuniko wa chini uchomoe plagi ya betri. Ingiza kipande kikiwa kimeinama hadi meno ya dhahabu yazame, ndipo ukilaze mpaka klipu zote mbili zilie. Ukiwasha skrini ikabaki nyeusi, subiri kidogo, inaitambua RAM mpya. Ikizidi dakika chache, zima, toa, rudisha. Mwisho thibitisha kwa programu ya CPU-Z, kichupo cha Memory: utakuta Dual, au 2 x 64-bit kwenye matoleo mapya.

4. Ndani ya gemu. Rezolusheni 1280×720: pikseli 921,600 badala ya 2,073,600 za 1920×1080. MSAA na FXAA ni njia za kulainisha kingo za picha: MSAA zima, FXAA washa, ni nafuu. Vivuli na majani yawe Normal. Gharama ya majani utaijua ukitoka mjini ukaingia Blaine County. Kila kitu cha Advanced Graphics zima. Population Density ishushe hadi nusu, maana watu wengi barabarani wanaielemea prosesa. Distance Scaling sikushauri uifikishe sifuri, vitu vitakuwa vinaota ghafla mbele ya gari.

5. Funga fremu zisizidi 30 kwenye RivaTuner. Watakubishia. Lakini kwenye mashine hizi prosesa na grafiki zinagawana wati 15 tu; moja ikijimwaga, nyingine inakosa. Ukiweka kikomo zote zinapumua, na 30 iliyonyooka naichukua mara zote mbele ya 45 inayoporomoka hadi 20.

Jaribu kwa kucheza nusu saa, si dakika mbili, kwa sababu laptopu ikiwa baridi inadanganya. Joto likipanda hadi nyuzi 90 na ushee huku fremu zikishuka, rudisha menyu kama ilivyokuwa na umpelekee fundi asafishe feni na kubadilisha pesti ya prosesa.